Bibi Bomba wa Pembe ya Nne

Mji wa Barro Fino, huko Brazil, ulikuwa na mabibi wanne juu ya paa, na mmoja wao alipoanguka watu walimlilia kuliko walivyomlilia diwani aliyefariki mwezi uleule. Nasema kweli tupu. Diwani alikuwa na maadui zake, ila Bibi Bomba hakuwa na hata mmoja.

Mabibi wenyewe ni sanamu za udongo wa kuchoma, kila moja kimo cha mtoto wa miaka kumi, zimesimama kwenye pembe nne za paa la nyumba ya ghorofa iliyo mkabala na kanisa. Tajiri mmoja wa tumbaku aliziagiza kwa meli kutoka Ureno enzi za mfalme, akazipandisha, halafu akafa bila kumwambia mtu hao ni akina nani. Kama kulikuwa na maandishi miguuni mwao, yalikwisha kumezwa na chokaa ya kila mwaka. Basi watu wakajitafutia majina. Wa kwanza ana taji, akawa Bibi Taji. Wa pili ameshika kitu kinachofuka moshi, watu wakaona birika la kahawa, akawa Bibi Birika. Wa tatu ana manyoya kichwani, akawa Bibi Manyoya. Wa nne, kipenzi cha wote, alikuwa na kitu kama mpira wa maji kinachotoka juu ya paji la uso na kuinama mbele. Hilo ni bomba, watu wakasema, litakuwa nini tena? Mvua ikichelewa na mihogo ikianza kunyauka, wanawake walikwenda kusimama chini yake na ndoo tupu, wakamsemea: "Bibi Bomba, fungua basi, umetubania mno." Na mara nyingine alifungua.

Upepo wa Septemba ndio uliomwangusha. Alivunjika vipande visivyookoteka vyote, kila mtu akajichukulia chake, na kile kipande cha bomba hakijulikani kiko kwa nani mpaka leo. Kila nyumba inashuku ya jirani.

Mwezi wa Machi akaja msanifu majengo kutoka Salvador, mwanamke mrefu mwenye miwani, jina lake Dona Graciema. Ofisi yake ilikuwa imemtuma kuikarabati ile nyumba iwe tayari kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwezi wa Juni. Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya Fundi Deraldo, mfinyanzi mkubwa kuliko wote hapo mjini, akamkuta mkono wa kulia umefungwa plasta. Deraldo alikuwa ameteleza kwenye ngazi akichuma fenesi.

"Usijali, bibi," Deraldo akamwambia. "Shemeji yangu huyu ana mikono mizuri. Nitamwelekeza."

Shemeji mwenyewe, Dona Lindaura, alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango, anasugua mtungi kwa kokoto laini ili ung'ae. Alilisikia lile neno "nitamwelekeza", akaendelea kusugua, ila kwa nguvu zaidi. Alikuwa na miaka sitini na miwili, mjane wa mdogo wake Deraldo, na miaka arobaini na minne alikuwa ameimaliza kwenye kigoda kilekile. Hapo Barro Fino ndivyo kazi ilivyogawanywa: mwanamume anakaa kwenye gurudumu la kufinyangia na kuitwa fundi, mwanamke anapaka rangi na kung'arisha na haitwi chochote. Udongo ukiwa bado mbichi, Deraldo hugeuza chombo na kupiga chini yake muhuri wake wenye umbo la samaki. Samaki huyo alikuwepo hata chini ya mitungi ambayo Lindaura aliifinyanga mwenyewe toka mwanzo, zile siku ambazo shemeji yake alilala na kichwa kizito baada ya ngoma.

Dona Graciema alipoondoka, Lindaura akaweka kokoto chini.

"Shemeji, hiyo sanamu nitaifanya. Ila chini yake liandikwe jina langu."

Deraldo akacheka mpaka plasta ikamuuma. "Jina lako? Tangu lini mpiga deki akaandikwa kwenye msingi wa nyumba?"

"Basi finyanga wewe, kwa huo mkono mmoja."

"Usinichokoze, Lindaura. Kazi imeagizwa kwa Deraldo, muhuri ni wa Deraldo. Ikitoka motoni bila kupasuka nitakununulia viatu vya sikukuu."

"Viatu ninavyo," akasema Lindaura, akachukua tena kokoto lake.

Hakumwambia mtu jinsi alivyolitaka jambo lile. Alitaka, kabla hajafa, kiwepo kitu kimoja duniani kinachosema kwamba kimetoka mikononi mwake. Kimoja tu, si vingi.

Wiki iliyofuata Dona Graciema akarudi na kurasa za kitabu cha zamani cha wale waliotengeneza sanamu, zenye michoro ya mabibi wote wanne. Isitoshe, mafundi wake walikuwa wamekwangua chokaa miguuni mwa wale watatu, na herufi zikatokea.

"Ni mabara, Dona Lindaura," akasema, akizipanga kurasa juu ya meza yenye vumbi la udongo. "Matajiri wa zamani walipenda kupamba mapaa kwa mabara. Bibi Taji wenu ni Ulaya. Mwenye birika ni Asia, na lile si birika, ni chetezo. Aliyeanguka ni Afrika."

"Afrika," Lindaura akasema taratibu. "Na bomba lake?"

"Si bomba. Ni mkonga. Amevaa ngozi ya kichwa cha tembo."

Lindaura akauinamia mchoro. Kifua kilikuwa wazi, tembo kichwani, simba miguuni, na mkononi mdudu mwenye mkia uliojikunja.

"Huyu nge kamshikia nini?"

"Ni ishara tu."

"Ishara ya kuumwa, labda." Akakivuta karibu kile kikaratasi kingine. "Na Bibi Manyoya?"

"Huyo ni Amerika. Ndio sisi."

"Sisi nani? Nimekaa humu Amerika miaka sitini na miwili, na manyoya yaliyowahi kunikaa kichwani ni ya siku niliyonyonyoa kuku wa harusi ya jirani yangu Zoraide."

Deraldo akaona naye achangie, maana shule alisoma. "Mwalimu wetu alitufundisha mabara matano. La tano liko wapi?"

"Nyumba ina pembe nne, Fundi."

"Na kama tajiri angejenga nyumba ya pembe sita?"

"Angeagiza mabibi sita," akasema Dona Graciema, na hapo hata yeye akacheka. Kisha akawa mkavu. "Lakini nisikieni. Ofisini wanataka kitu kinachofanana na kitabu, hasa huo mkonga. Kisipofanana wataleta sanamu ya plastiki kutoka Salvador, mtu wa kuitengeneza wanaye tayari. Mimi sitaki plastiki. Nisaidieni."

Saa sita mchana habari ilikuwa imeshauzunguka mji mzima. Dona Eremita, muuza bajia za kunde pale uwanjani, alimngoja Lindaura apite, akamshika mkono kwa vidole vyenye mafuta ya mawese.

"Ati Bibi Bomba ni Afrika?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema."

"Kiseme kisiseme, mimi nataka bomba langu. Mama yangu alisimama pale na ndoo mwaka wa ukame, akarudi nyumbani kalowa chapachapa. Halafu huyo tembo katoka wapi? Mama wa bibi yangu aliletwa kutoka Afrika akiwa binti. Alikuja na minyororo miguuni. Kichwani hakuja na tembo."

"Najua, Eremita."

"Kama unajua, ufinyange unavyojua. Chukua bajia, una uso wa njaa."

Lindaura akala bajia akitembea, na kila hatua aliona jinsi alivyobanwa. Asipoweka mkonga, plastiki inakuja na kazi yake inaishia kwenye lundo la vigae. Asipoweka bomba, mji mzima utampita bila salamu. Jioni ile akajaribu kufinyanga kisanamu kidogo chenye tembo kama cha kitabuni. Kilipokamilika, alimwona mwanamke aliyemezwa na mnyama na kubakiza uso nje. Akakiponda kwa kiganja.

Kesho yake akabeba bakuli la uji wa mahindi na nazi, akaenda kwa Anselmo Mucopela. Huyu alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari, kijana wa Msumbiji, mwenyeji wa Quelimane, aliyepanga chumba nyuma ya nyumba ya Eremita. Wanafunzi walimwita Mwalimu Afrika. Mwanzoni aliwasahihisha, baadaye akachoka.

"Mwalimu, nina swali la kijinga," Lindaura akasema, akiweka bakuli mezani.

"La kijinga zaidi ya yale ninayoulizwa kila siku, shangazi? Sidhani."

"Tembo mmewazoea?"

"Nimemwona mmoja maisha yangu yote, na nilimwona hukuhuku Brazil, kwenye bustani ya wanyama, nilipowapeleka wanafunzi. Hawakumtazama tembo. Walinitazama mimi, wanangoja nimwamkie."

Lindaura akacheka, akamweleza shida yake yote, kisha akatoa wazo alilolala nalo. "Nimefikiria mtungi. Mwanamke na mtungi wa maji kichwani. Watu wa hapa watapata maji yao, na kwenu pia kina mama si hubeba mitungi?"

"Wapo wanaobeba. Lakini mama yangu ana bomba jikoni. Ukimtwisha mtungi ataniuliza maji yamekatika tangu lini."

"Kwani yeye kichwani anabeba nini?"

"Shule mia na kumi. Ni mkaguzi wa elimu." Anselmo akachota uji. "Na usimwonee huruma, yeye mwenyewe anawajua ninyi kwa tamthilia. Kila jioni anatazama. Anaamini kila nyumba ya Brazil ina ngazi kubwa ndani, na watu wanaishuka wakilia. Siku nilipohamia hapa alinipigia simu akaniuliza ngazi iko upande gani."

Lindaura alicheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni. "Mwambie tunayo moja. Imemvunja mkono shemeji yangu."

Anselmo akamwonyesha picha ya mama yake kwenye simu. Ni Jumapili, mama ametoka kanisani, ana kitabu mkononi, anamtazama mpiga picha kana kwamba amemkuta na daftari chafu. Kichwani amefunga kilemba, fundo likiwa mbele, na ncha ya kitambaa imetokeza na kuinama juu ya paji la uso.

Lindaura akainyakua simu, akaisogeza machoni. Mama yake mzazi alikuwa akifunga vilevile siku za sikukuu, fundo mbele, ncha imeinama. Hata yeye mwenyewe, akienda misani, hufunga hivyo.

"Nani alimfundisha kufunga hivi?"

"Mama yake, nadhani."

"Na mimi mama yangu," akasema Lindaura. Alikaa na ile simu mkononi hata kioo chake kikazima, na moyoni akahisi furaha ambayo hakuweza kuipa jina. Uji ulipoa.

Akaanza Jumatatu. Hakutumia gurudumu. Alipandisha udongo kwa mikunjo, mmoja juu ya mwingine, kama wanawake wafinyangavyo majiko ya nyumbani. Deraldo alizungukazunguka na plasta yake akitafuta kosa. Shingo nene, alisema. Bega moja limelala. Lindaura akamwambia aende akachume mafenesi. Lakini Deraldo alipomwambia amfinyange bibi kwa vipande viwili na kuacha tundu la kupumulia kitakoni, asije akapasuka motoni, alimsikiliza, maana moto Deraldo aliujua kuliko mtu yeyote.

Akamvika Afrika blauzi na doti ya kitambaa. Mkononi akampa kitabu. Simba alimfinyanga kwa sababu ofisi ilimtaka, ila simba hakuwahi kumwona, kwa hiyo alitokea kama mbwa wa manjano wa Deraldo, mpaka na lile sikio lililoraruka. Nguo alizipaka udongo mweupe zifanane na za wenzake wa juu, uso akauacha mwekundu. Kilemba alikifunga kwa udongo kama angefunga kitambaa, fundo likaja mbele, ncha ikatoka na kuinama.

Siku alipomaliza, udongo ukiwa bado mbichi, Deraldo akasimama mlangoni. "Nenda nyumbani kapumzike. Kilichobaki ni changu."

Kilichobaki ni muhuri. Lindaura alijua, na Deraldo alijua kwamba anajua. Lindaura akanawa mikono, akaenda zake, na jikoni akalia kidogo akikata vitunguu, ili mtu akimuuliza awe na sababu. Wiki tatu sanamu ikikauka, kila asubuhi aliusugua uso kwa kokoto lake, na hata mara moja hakuinama kutazama chini. Hakutaka kumwona yule samaki.

Moto Deraldo aliuchochea mwenyewe siku mbili, kwa mkono wa kushoto, akamfukuza kila aliyesogea. Tanuri lilipofunguliwa, Afrika alikuwa mzima, pasipo hata ufa.

Jumamosi ya kabla ya Mtakatifu Yohana, uwanja ulijaa watu na harufu ya mahindi ya kuchoma. Sanamu ilisimama juu ya meza ya Eremita, imefungwa kamba, tayari kupandishwa. Dona Graciema akaja na kurasa zake. Akaizunguka mara moja, akaizunguka mara ya pili, akarudi nyuma hatua kumi, akafumba jicho moja.

"Kitabu ni cha Ulaya," akasema Dona Graciema. "Angalia kwenye mchoro, Ulaya ndiye mwenye kitabu."

"Kwani kilichapishwa kimoja tu?" Lindaura akauliza.

Msanifu akautazama ule uso, na lile fundo, na ile ncha iliyoinama. "Mkonga upo," akasema mwishowe, na mabega yakamshuka kwa nafuu. "Umeurahisisha, lakini upo. Ni mzuri sana. Plastiki hawaleti tena."

Lindaura akataka kumsahihisha, lakini Deraldo akamkanyaga mguu.

Eremita naye akajipenyeza mpaka mbele, mikono kiunoni. "Bomba letu hilo, limerudi. Tena kubwa kuliko la zamani. Mwaka huu tutaogelea."

Watu wakapiga makofi. Anselmo alikuwa amempigia mama yake, akaielekeza simu kwenye sanamu. Sauti kali ikasikika kutoka Quelimane.

"Kilemba kimefungwa sawasawa. Huyo ni wa kwetu au wa kwao?"

"Hapa kila mtu anasema ni wake, mama."

"Na aliyemfinyanga ni nani?"

Anselmo akaigeuza simu. Mkaguzi wa shule mia na kumi akamtazama Lindaura, na Lindaura, aliyefunga kilemba chake cha misani, akamtazama mkaguzi.

"Kumbe umejifinyanga mwenyewe, dada," mkaguzi akasema.

Lindaura akaangalia sanamu. Hakuwa ametumia kioo wala picha ya mtu, mikono ilikwenda yenyewe. Lakini ni kweli, mashavu yalikuwa yake, na ile midomo iliyokazwa kama ya mtu aliyekatazwa kusema. Akaona haya, kisha akaona fahari, kisha akamkumbuka samaki kule chini, na fahari ikapungua nusu.

"Vuteni," Deraldo akaamuru.

Wanaume sita wakavuta. Afrika akainuka kutoka mezani, akapita madirisha ya chini, akapita roshani, akining'inia na kuzunguka polepole kwenye kamba. Eremita, aliyesimama chini kabisa, ndiye aliyeinua uso kwanza.

"Pana maandishi hapa," akasema.

Lindaura akatazama. Samaki hakuwepo. Pale kitakoni, kuzunguka tundu la kupumulia, palikuwa na herufi zilizochorwa kwa msumari, kubwa na ndogo, nyingine zimelala ubavu, mwandiko wa mtu aliyelazimika kutumia mkono wa kushoto. KAZI YA LINDAURA DOS ANJOS, zilisomeka.

Eremita akazisoma kwa sauti, halafu akazirudia kwa waliokuwa nyuma. Lindaura akamtafuta Deraldo kwa macho. Alikuwa amewapa watu mgongo, anawagombeza wavuta kamba bila sababu yoyote.

"Shemeji," akamwita.

"Ningoje," Deraldo akajibu bila kugeuka. "Huoni Afrika iko hewani?"

Lindaura akangoja. Akainua uso, akalisoma jina lake, akalisoma tena, sanamu ikipanda na herufi zikizidi kuwa ndogo, akaendelea kulisoma mpaka kitako kikakaa juu ya pembe ya nne ya paa na maandishi yakafunikwa.